Kofi la Papa Sengi

Mkikutana na mama yangu sokoni, akiwa amekaa nyuma ya magunia yake ya unga wa muhogo, msimwite Mama Sengi. Anaitwa Élisabeth Munguakonkwa. Alibatizwa hivyo kwao Bukavu, na jina hilo linamtosha. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka. Miaka nenda rudi watu wazima, wenye watoto na heshima zao, wanapita mbele ya meza yake, wanajishika shavu, wanapiga kelele "Supu ingali moto!", wanacheka, kisha wanakwenda zao bila kununua hata kilo moja.

Kwa asiyejua, nieleze. Baada ya volkeno ya 2002, lava ilipopita katikati ya Goma ikatuachia mawe meusi na nyumba za mbao, televisheni moja ya hapa mjini ilianza kuonyesha mchezo wa kuigiza kila Jumapili jioni. Uliitwa Lupango ya Papa Sengi, yaani ua wa nyumba yake. Papa Sengi alikuwa mzee bahili aliyehesabu hata vipande vya viazi kwenye sahani za wanawe. Mama Sengi alikuwa mkewe, mwenye akili kumshinda, na kila wiki alimzunguka. Papa Sengi aliigizwa na Fortunat Baharanyi. Mama Sengi alikuwa mama yangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameigiza Krismasi tu, pale parokiani.

Sitawadanganya, mchezo ulikuwa mtamu. Mimi mwenyewe nikiuangalia leo nacheka mpaka mbavu zinauma, na mimi, Ange, si mtu wa kuchekacheka. Wateja wangu wa saluni watawaambia. Mama alikuwa na namna ya kunyamaza kabla ya kumjibu mumewe, akimtazama tu huku akipepeta mchele, na watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Barabara yetu nzima ilikuwa na televisheni moja na jenereta moja. Watu walikuja na viti vyao, asiye na kiti alikalia jiwe la lava, na mawe hayo hatukuwa na shida nayo.

Sasa mchezo umerudi. Gradi, kijana mwenye studio ya video kule Katindo, alizipata kaseti za zamani, akazihamishia kwenye kompyuta, na siku hizi Lupango iko kwenye simu ya kila mtu. Kila ukigeuka unasikia, "Ah, zile ndizo zilikuwa siku!" Siku zipi, nauliza? Siku za kulala kwenye mbao mvua ikituingilia? Siku za kupanga foleni ya maji na madumu ya njano? Mtu anaweza kuupamba umaskini wake akishausahau, na hilo linanichemsha damu.

Lakini kuna jirani yetu, Mama Bibiche. Yeye huja kwetu kila Jumapili baada ya misa na kiti chake, kama zamani, na mara moja nilimuuliza kwa ukali anatafuta nini kwenye vipindi anavyovijua kwa moyo.

"Ange," akasema, "papa yangu alikuwa anakaa pembeni ya jenereta, anacheka mpaka anakohoa. Foto yake sina hata moja, lava ilikula zote. Mi nikisikia ile muziki ya mwanzo, namusikia akikohoa."

Kwa Bibiche sina neno. Aje na kiti chake mpaka siku Mungu atakapomwita.

Wengine wote wanakuja kwa ajili ya kofi. Katika kipindi kile, Mama Sengi anawapikia wageni kuku ambaye mumewe alikuwa akimfuga amuuze. Papa Sengi anarudi nyumbani, anakuta mifupa, anainua mkono, anampiga mkewe kofi. Mama anaanguka juu ya gunia la makaa, anainuka pole pole, anatazama kamera na kusema, "Supu ingali moto." Basi. Goma nzima ilianguka kwa kicheko, na haijainuka bado.

Sikilizeni ilivyokuwa. Kofi lile lilipangwa liwe la uongo. Fortunat alitakiwa apitishe mkono hewani, na mtu mwingine nyuma ya kamera apige makofi ili sauti isikike. Siku hiyo Fortunat alimpiga kweli, kwa kiganja kizima, juu ya sikio la kushoto. Maneno ya supu hayakuwa yameandikwa popote. Mama anasema alipoinuka aliona midomo ya watu ikicheza bila sauti, hakujua yuko wapi, akashika la kwanza lililomjia kwa sababu alikuwa anaogopa kuharibu kazi ya wenzake. Aliyeongoza mchezo alimwambia, "Imetoka muzuri sana, tusirudilie." Hospitalini waliona ngozi ya ndani ya sikio imepasuka, kisha likaingia usaha, na tangu wakati huo sikio lile limekufa. Fortunat alikuja mara moja kumtazama kitandani. "Pole, mukono iliteleza," akasema. Miaka yote iliyofuata hakulitaja tena.

Mama hakumwambia mtu ila baba, Mungu amrehemu, na baadaye mimi. Matokeo yake ni haya: mtu anamwita kutoka upande wa kushoto, "Mama Sengi! Mama Sengi!", hageuki, na jioni mtaani wanasema yule mwanamke alionekana kwenye televisheni basi kiburi kimemjaa. Pikipiki imeshamgonga mara moja kutoka upande huo. Aliyekuwa anaiendesha alipomtambua alimwomba wapige picha pamoja, mama bado amekaa chini na goti linatoka damu. Nusura nimle mzima mzima.

Na Fortunat? Fortunat amekuwa mtu mkubwa. Anaongoza sherehe za ndoa kutoka hapa hadi Munigi, anavaa ile kofia ya Papa Sengi, anamchagua msichana mmoja kati ya waalikwa, anajifanya anampiga kofi, ukumbi unalia kwa kucheka. Siku hizi anakumbuka kupitisha mkono hewani.

Jambo nililoshindwa kulielewa ni kwamba mama naye anaangalia. Kila Jumapili anaingiza ile kle ya Gradi, kijiti chenye vipindi vyote, kwenye televisheni yetu, anakaa mbele kabisa, lakini kabla ya kipindi cha kuku anazima. Majirani wanalalamika. Yeye anasema betri imeisha, hata kama taa ya umeme inawaka juu ya kichwa chake. Siku moja, walipokwisha kutoka, nilimvamia.

"Mama, unaangalia nini humo? Batu hao si ndio balikuharibu?"

Akarudisha nyuma kipande kimoja. Mama Sengi anachambua majani ya sombe uani, jirani anamwita kutoka mlango wa kushoto, naye anageuka.

"Umeona vile anageuka?" mama akaniuliza. "Banamuita mara moja tu, anageuka. Namuangaliaka ule mwanamuke."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mawe, kwa sababu ningebaki ndani ningevunja kitu.

Basi Gradi akaja nyumbani na habari zake. Alikuwa anaandaa siku ya Lupango katika ukumbi wa parokia. Wataonyesha vipindi kwenye pazia kubwa, na mwisho Papa Sengi na Mama Sengi wenyewe watapanda jukwaani warudie kofi mbele ya watu. Alisema hayo kwa furaha kabisa, anakunywa chai yetu. Nilikuwa nimeshamwonyesha mlango, ndipo mama akasema, "Nitakuja."

"Mama!"

"Nyamaza, Ange. Gradi mutoto yangu, nitakuja, lakini umuambie Fortunat neno moja. Mbele ya batu aseme ile kofi ilikuwa ya kweli, na sikio yangu ilikufa. Aseme tu. Sitaki kitu ingine."

Gradi aliacha kunywa. Hakuwa anajua, na uso wake ulionyesha hivyo. Baada ya siku chache alirudi na jibu: Fortunat amekubali, atasema. Mama alishona liputa jipya la kitenge. Alinifanya nimsuke mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza, alisema, nywele zilifunika sikio.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kofi lilipoonyeshwa kwenye pazia walirukaruka, walipiga miluzi, wakataka lirudiwe, likarudiwa. Nilikuwa mstari wa mbele, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kisha wakaitwa. Fortunat alipanda na kofia yake, mzee sasa, tumbo mbele. Mama alipanda upande wa pili. Fortunat alizunguka jukwaa, akapanguza jasho la uongo, akauliza kuku yuko wapi, akainua mkono.

Mama akaushika ule mkono hewani.

"Sema," akamwambia.

Watu wakashangilia, wakidhani ni mchezo. Fortunat akatabasamu. Mama akangoja, na mimi nikamwona anaelewa kwamba hatasema. Basi akachukua mikro ya kusemea yeye mwenyewe. "Hii kofi mulicheka, ilikuwa ya kweli. Tangu siku ile sikio yangu moja haisikie."

Waliokaa madirishani waliinama kusikiliza. Nilihisi kwa muda mfupi sana kwamba wamesikia. Kisha nyuma mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, na ukumbi mzima ukawaka. Walidhani ni kipindi kipya! Walidhani ni Mama Sengi anamzunguka mumewe kwa mara nyingine tena!

Wote wakamgeukia Fortunat. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, "Kweli." Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulisema. Aliwatazama wale watu, akasogelea mikro, akatoa ile sauti ya puani ya Papa Sengi: "Bibi, unataka nikulipe? Sikio moja ni bei gani?"

Sitawaelezea kicheko kile. Nilikuwa nimesimama natukana kwa lugha zote ninazozijua, na hakuna aliyenisikia. Mama aliweka mikro chini taratibu kama mtu anayeweka yai, akashuka ngazi, tukaenda nyumbani kwa miguu.

Kesho yake kipande hicho kilikuwa kwenye simu zote. Sokoni hawajishiki shavu tu, sasa wanajishika na sikio. "Mama Sengi, sikio bei gani?" Gradi aliomba radhi akakifuta kwake, lakini watu walikuwa wameshakisambaza mpaka mjini Kiwanja. Mama Bibiche peke yake ndiye aliyekuja bila kiti, akasimama mlangoni akauliza, "Ange, ilikuwa ya kweli?" Nikamjibu ndiyo. Akajifunika mdomo kwa kanga. "Na mi nilicheka," akasema, akakaa chini hapo hapo kizingitini.

Fortunat alikuja wiki iliyofuata, mchana, bila kofia. Alileta kitenge kizuri, kimekunjwa ndani ya mfuko. Mama alimkaribisha, mimi sikumkaribisha. Fortunat alivuta kiti, akakaa karibu na mama, akainama, akaanza kusema kwa sauti ya chini, sauti ya kanisani, kwa muda mrefu, na machozi yakamlenga. Mama alimwacha mpaka akamaliza. Kisha akainuka, akakihamisha kiti chake upande wa pili.

"Anza tena," akamwambia. "Ulikuwa unasemea sikio yenye ulipiga."

Alikuwa hajui ni lipi! Miaka yote hiyo anakula kwa kofi lile, na hakujua hata lilitua wapi. Nilisogea, mama akanizuia kwa jicho. Fortunat akaanza upya, safari hii maneno yake yakawa machache.

"Élisabeth, unisamehe. Nilikosa. Siku ile nilikupiga, na kwenye salle ya parokia nilikosa tena."

"Hapa tuko bangapi?" mama akamuuliza.

"Tuko batatu."

"Na siku ile ya kofi, nani hakuona?"

Fortunat alitazama mikono yake.

"Ulinipiga mbele ya Goma muzima," mama akasema. "Musamaha yako ya chumbani siitaki. Uende useme kule."

"Élisabeth, ule muchezo batu banaupenda. Banafiwa kila siku, banakimbia kila siku, ni kile tu kinabachekesha. Nikisema vile, nitabaharibia. Batabakia na nini?"

"Batabakia na masikio yabo mbili."

Akakichukua kitenge, akamrudishia mikononi, akamfungulia mlango. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakingoja abiria kando ya barabara walimwona akitoka, wakaanza: "Papa Sengi! Papa Sengi! Sikio moja bei gani?" Fortunat akasimama. Wanawake wa genge waligeuka, watoto wakakusanyika, dirisha moja likafunguka juu. Mama alikuwa mlangoni, mimi nyuma yake, na watu aliotumwa kwao Fortunat walikuwa wamemjia wenyewe, hakuhitaji hata kuwatafuta. Aligeuza kichwa akamtazama mama.

Kisha akainua mkono, akawapungia, akacheka kile kicheko chake cha puani, akapanda pikipiki ya kwanza.