Jina la Ugonjwa na Njia Yake

Nimechoka, na sitajifanya sijachoka. Karibu mwaka mzima nilikuwa namtoa baba kijijini Keringet, analala kwangu mjini, mtaa wa Section 58, asubuhi tunaamkia hospitali, na kila hospitali inasema haioni kitu. Hatimaye daktari mmoja alitupa majibu. Aliyagawa kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata sisi tuliosoma huyachanganya: diagnosis na prognosis. La kwanza ni ugonjwa unaitwaje. La pili ni ugonjwa unaelekea wapi. La kwanza alilisema mbele ya baba. La pili alinivuta kando akanipa mimi peke yangu, na lilikuwa baya.

Nilimpigia shangazi simu nikamwambia ugonjwa umejulikana. Nilikuwa bado natafuta namna ya kusema lililobaki, akakata simu kwenda kutangaza.

Kwetu ugonjwa unaoogopwa ni ule usiojulikana. Ukishapata jina, watu huona kazi imekwisha. Tulipofika Keringet Jumamosi, mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa kuufichua ugonjwa, kina mama wa kanisa wakaimba, shangazi akacheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nilikasirika, kisha hasira yenyewe ikachoka. Nikajificha jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi, maana ningetoka nje wangeusoma uso wangu.

Wageni walipoondoka, baba alikuja akaketi kwenye kigoda, kando ya magunia ya mbegu ya viazi. Mbegu zilikuwa zimeanza kuchipuka. Aliokota moja, akaipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Mama," aliniita, kama alivyoniita mimi bintiye tangu utotoni, "hawa wamefurahia jina. Mimi nataka kujua njia. Hizi viazi nipande ama niwache?"

Viazi hukaa udongoni miezi mitatu, minne. Daktari hakuwa amempa baba miezi mingi hivyo. Nilimtazama baba, nikaona nikimdanganya atajua, na nikimwambia yote sitaweza kuyamaliza.

"Panda, baba," nikasema. "Vikikomaa, kuchimba nitachimba mimi."

Aliigeuza ile mbegu mkononi. Kisha akairudisha guniani taratibu, chipukizi zisivunjike.

"Haya," akasema. "Basi kesho tuamke mapema. Wewe hufukia mbegu chini sana, lazima nikuonyeshe."