Mlio wa Ndoo Chini ya Sakafu

Ulisikia, jirani. Usinifanye mtoto mdogo.

Ulisikia shangazi yangu anafukuzwa, ukaongeza sauti ya redio. Mimi sisahau.

Basi soma hadi mwisho, maana mchana ule mimi nilisikia kitu kilichonisimamisha nywele.

Shangazi alikuwa ameketi mbele yangu, mikono mapajani, hana kazi. Na chini ya sakafu kuna mtu alikuwa anaifanya kazi yake.

Chwaaa. Kimya. Chwaaa.

Mlio uleule wa ndoo zake.

Ngoja nikurudishe nyuma.

Shangazi anapika bia chumbani. Si ile ya kuunguza koo. Bia safi ya shayiri. Anachemsha maji ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, anayapoza ndani ya beseni la maji baridi, kisha anapanda kwenye kigoda na kuyamimina toka ndoo hii hadi ile, toka juu kabisa, mpaka povu linafura. Ndipo anatia hamira na kufunika pipa.

Ukimuuliza kwa nini anamimina hivyo, anacheka. "Marehemu mama mkwe alimimina. Mimi ni nani nisimimine?"

Bia hiyo ndiyo inayotuweka chini ya paa.

Akapanda mwenye nyumba. Sisi tunamwita Masikio: anaishi chini yetu na hakuna kikohozi kinachompita.

"Mama, huo mlio unanitoboa kichwa. Kuanzia leo hakuna kumimina."

"Lakini baba, ni mara moja tu kwa wiki."

"Basi hama."

Shangazi akatii. Akatafuta mpira wa kupitishia maji, akawa anayashusha maji ya kimea taratibu hadi chini ya pipa, bila tone kulia. Tukawa tunanyata ndani ya chumba chetu wenyewe kama wezi.

Bia ikagoma.

Pipa halikuguna, halikutoa povu. Likabaki tamu na zito, mwisho likageuka siki. La pili, hivyohivyo. Mama wa mgahawa, mteja wetu mkubwa, akarudisha chupa zote.

"Dada yangu, hii ni bia au dawa ya kikohozi ya watoto?"

Na nyinyi majirani mkapata la kusema. Eti mkono wake umeingia mkosi. Eti karogwa. Wewe ulikuwa pale kwenye ngazi. Ulicheka, nilikuona.

Masikio akapanda tena, safari hii na uso wa msibani. "Mama, hiki chumba kimekukataa. Jumamosi uniachie funguo."

Hazijapita siku mbili, ndipo tukausikia ule mlio.

Chwaaa.

Shangazi akainua kichwa. "Unasikia? Mengine yote tuliyafanya. Tuliacha hilo tu." Akajipiga paja. "Hamira ina uhai, mwanangu! Mwanzoni inataka hewa. Sisi tumeifunika haijavuta hata pumzi."

Tukashuka. Hodi sikupiga.

Masikio alikuwa juu ya kiti, ndoo begani, povu hadi kwenye ndevu. Pembeni, pipa jipya.

"Nafua," akasema.

"Unafua nini, suruali ya kimea?"

Na hapo shangazi akanivunja moyo. Aliona mvuke ukipanda kutoka kwenye ndoo, akapiga ukelele: "Weka chini! Ipoe kwanza! Ukitia hamira humo utaiua!"

"Shangazi! Unamfundisha huyu?"

"Shayiri imekosa nini?"

Masikio akashusha ndoo polepole. Akatabasamu. Kupitia dari alikuwa amesikia kumimina. Kusubiri ipoe hakuna mlio, kwa hiyo hilo hakulijua.

"Ahsante, mama," akasema. "Funguo bado nazitaka."

Sasa ngoja nikukumbushe, maana kusahau kwenu ndiko kunakomnenepesha.

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho je? Aliambiwa mashine yake inatikisa ukuta. Alipohama, akaingia shemeji yake Masikio na cherehani mbili, na ukuta ghafla ukapona! Mwoka mikate je? Alifukuzwa kwa moshi. Mkate unaokula leo unaokwa na nani?

Mlisema hayatuhusu. Mara zote.

Anayekukataza kupiga kelele, mchunguze. Huenda hachukii kelele. Anachukia kwamba ni zako.

Leo ndiyo Jumamosi. Naandika haya nimekalia pipa la shangazi, katikati ya ngazi, pale walipolitupa watu wa Masikio. Shangazi yuko juu, kimea kimeshapoa, kigoda kipo, ndoo zote mbili zipo. Mlango tumeuacha wazi. Leo tunamimina mchana kweupe, na Masikio asikie vizuri.

Pipa lina mipini miwili. Mimi nimeshika mmoja.

Zima hiyo redio. Fungua mlango wako. Njoo ushike wa pili tulirudishe juu, sasa hivi, kabla hajapanda.