Mwaka Niliomwogopa Bibi

Filamu ile nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka minane, pale Ikwiriri, ndani ya banda la makuti lililokuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima, Kibiti, kwenye ukumbi wa gesti, mchana wa mvua, mimi na kikombe cha chai ya rangi. Kati ya mara hizo mbili bibi yangu mzaa mama alifariki dunia, na aliondoka bila kujua kwa nini nilimkataa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vilikuwa vinaingia: sabuni za kunukia, viatu vya mitumba, redio za kaseti zenye spika mbili. Halafu ikaingia video. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta alinunua televisheni na deki, akaleta jenereta, akamweka mwanamume mmoja wa makamo asimame kando ya kioo na fimbo ya mwanzi atueleze kinachoendelea. Tulimwita mkalimani. Alisema aliwahi kufanya kazi na Wachina kwenye reli, kwa hiyo filamu yoyote iliyotoka upande wa mawio ya jua ilikuwa yake. Ili asikike, sauti ya televisheni ilizimwa kabisa. Jenereta lilinguruma nje, yeye akanguruma ndani, na sisi tukamwamini kama vile mtu asiyejua kusoma anavyomwamini yule anayemsomea barua.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Kwenye kioo ilitokea nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga lililojaa maji. Banda zima likanong'ona neno moja: dungu. Hakuna aliyetegemea kuliona dungu kwenye televisheni. Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa bonde la Rufiji hukijenga shambani. Mpunga ukianza kutoa masuke, watu huhamia humo kwa miezi miwili mitatu kuamia ndege, kuwafukuza tangu alfajiri hadi machweo wasiumalize, na kukicha wanahesabu nyayo za nguruwe na viboko kwenye matope. Ndani ya dungu lile la ugenini kulikuwa na bibi kizee, uso mweupe kama chokaa, amechuchumaa, anapika.

Mkalimani akamgusa usoni kwa fimbo yake. "Huyu bibi amekufa," alisema. "Wajukuu hawajui. Anawapikia wanenepe. Na atakayemwambia mtu, huyo ndiye ataliwa wa kwanza."

Tukawaona wajukuu wanakula huku wanatetemeka. Tukamwona bibi anatia mkono ndani ya moto, anageuza kuni, mkono hauungui. Kichwa chake kikazunguka peke yake mpaka kikatazama mgongoni, kikamkuta mjukuu mdogo amejificha nyuma ya mtungi, kikatabasamu. Watu wazima waliokaa nyuma walicheka. Mimi nilidhani ni kile kicheko cha wanaume walioogopa. Kaptura yangu ilikuwa imelowa tayari. Kama wajukuu hawajui, kwa nini walikuwa wanatetemeka? Swali hilo halikunijia mpaka ilipopita miaka kumi na sita.

Bibi yangu alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Nyumba yake ilikuwa Chumbi, na shamba lake lilikuwa chini bondeni. Babu alikuwa ameshafariki, na msimu uliotangulia tulikaa dunguni sisi wawili tu. Alinifundisha kutupa vidonge vya udongo kwa kombeo. Aliniwekea kamba iliyofungwa makopo, nikiivuta shamba zima linalia, ndege wanaruka kama vumbi. Jioni alinilisha kwa mkono wake, tonge la wali na kambale aliyekwisha kutolewa miba. Tulilala mkeka mmoja, na moshi wa kuni mbichi ulipanda kutoka chini kupitia mianya ya sakafu kufukuza mbu. Alikuwa akiniambia kwamba mume mwenye makelele kama mimi hajawahi kumpata.

Wiki mbili baada ya filamu ile mpunga ulitoa masuke, akaja Ikwiriri kunichukua. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, asingeweza kushuka bondeni. Nilikuwa mimi tu.

Asubuhi ile Bibi alikaa na mama uani, wanachemsha uji. Kaa moja likadondoka kutoka kwenye jiko. Bibi akaliokota kwa vidole viwili, akalirudisha mahali pake, akaendelea na mazungumzo. Alikuwa akifanya hivyo siku zote. Wanawake wote wa rika lake walikuwa wakifanya hivyo, vidole vyao vilikwisha kuwa vigumu kwa miaka ya jikoni. Mimi siku hiyo niliona kitu kimoja tu: mkono hauungui.

"Mume wangu, jiandae," akaniambia. "Ndege wa mwaka huu hawana adabu, wanataka kumwona mwanamume."

Nikashika mhimili wa mlango. Akacheka, akauliza kama nimeshapata mke mdogo huku barabarani, mwenye meno yote. Mama akaniambia niache mchezo, gari linaondoka. Nikazidi kuushika mhimili. Nisingeweza kusema ninachokijua, maana atakayesema ndiye ataliwa wa kwanza. Kwa hiyo nilisema lile neno lililokuwa salama kwangu.

"Sitaki kulala na Bibi."

Mama aliinuka na mtoto mgongoni, mkono juu. Bibi akaushika ule mkono kabla haujafika.

"Mwache," akasema. "Usimpige kwa ajili yangu."

Akafunga kitita chake, akajitwika, akaenda kusubiri lori barabarani. Mama hakusema nami siku mbili.

Msimu ule alikaa dunguni peke yake. Watu waliotoka bondeni walituletea habari zake: kwamba anapiga debe tangu alfajiri, kwamba anakimbia toka pembe moja ya shamba hadi nyingine, na akifika huku ndege wanatua kule. Shamba la dungu linataka watu wawili, mmoja kila upande. Kila mtu wa bonde anajua hivyo. Mimi pia nilijua. Alirudi baada ya mavuno amekonda, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, na kwa wiki nzima aliongea kwa kunong'ona. Mpunga wa upande wa mtoni wote ulikuwa umekwenda na ndege.

Hofu yenyewe haikudumu hata nusu ya msimu. Nilimkumbuka Bibi akitawadha na kusali, nikajiambia kwamba maiti haisali, na hapo filamu ikaanza kupauka kichwani mwangu. Lakini neno nililolisema lilibaki pale pale mlangoni. Aliporudi nilitaka akiri yeye kwanza kwamba tumepatana, aniite mume wangu, nijue yamekwisha. Akaniita kwa jina langu. Tangu siku hiyo hadi mwisho wake aliniita kwa jina langu, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa jirani. Kila nilipokwenda Chumbi, chakula changu kililetwa kwenye sahani ya peke yake, imefunikwa kawa. Nilidhani ni heshima kwa kuwa nimekua. Nilipokuwa sekondari, bweni la mbali, akaugua na kufariki. Nilifika siku ya tatu, msiba umeanza kutawanyika, mikeka inakunjwa.

Sasa nije kwenye mara ya pili. Nilikuwa natoka Dar es Salaam, ambako nilikuwa na chumba kimoja, hadithi mbili zilizotoka gazetini, na marafiki wanaobishana usiku kucha juu ya riwaya ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa amemaliza kuziandika. Nilikuwa nakwenda Ikwiriri kumwona mama. Bungu, wachuuzi walipolizunguka basi na mayai na korosho, mmoja aliinua rundo la diski za filamu dirishani kwangu. Kwenye karatasi ya juu kulikuwa na picha ya nyumba juu ya nguzo, na uso mweupe unachungulia dirishani. Nilinunua bila kupatana bei. Basi lilipofika Kibiti tukaambiwa mbele kuna malori yamezama kwenye tope, leo hakupitiki. Nikachukua chumba gesti. Ukumbini palikuwa na televisheni na deki ya diski, na dada wa mapokezi akaniwekea.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa sauti. Sikuwahi kujua kwamba filamu ile ina sauti. Kila kichwa cha bibi kilipozunguka, tarumbeta lililia kama bata aliyekanyagwa. Wajukuu walipotetemeka, ngoma ndogo ilitetemeka nao. Na chini ya kioo yalipita maneno ya Kiingereza, ambayo sasa niliweza kuyasoma.

Mkalimani alikuwa amekipata kitu kimoja tu: ni kweli bibi amekufa. Lakini asiyejua ni yeye. Wajukuu wote wanajua, wamemzika kwa mikono yao, naye amerudi kesho yake asubuhi kuwapikia kama kawaida, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Wanakula wali wake ulioungua wakijitahidi wasikunje uso. Mkwe wake anajificha ndani ya pipa la mpunga kila akisikia ngazi inalia. Jirani anakuja kutoa rambirambi, anapokewa na marehemu mwenyewe, naye anamkaribisha chai. Usiku bibi anatandika mikeka sita, anailainisha kwa kiganja mmoja mmoja, anaita watu waje kulala. Wote wamekimbilia juu ya mti. Analala peke yake kati ya mikeka mitano mitupu, na tarumbeta linalia kama bata.

Dada wa mapokezi alikuwa amesogea, ameegemea kaunta, anafuta machozi kwa kicheko.

"Kaka, filamu ya kuchekesha hiyo," akasema. "Mbona hucheki?"

Nikamwambia nimeshaiona zamani. Akarudi kwenye kazi zake. Nikaangalia mpaka mwisho, halafu nikakaa nikitazama kioo kitupu cha buluu na kusikiliza mvua juu ya bati. Nilikuwa na watu wengi wa kuwasimulia mambo wakati ule, nilikuwa mtu wa kusimulia. Kwa hili hapakuwa na mtu ila mmoja, na huyo hayupo.

Kesho yake njia ilifunguka. Nilimkuta mama uani anapepeta ufuta. Nilimwamkia, nikala, nikaoga, na alasiri nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikamwambia yote: banda, mkalimani, kaa la moto, na kwa nini nilishika mhimili wa mlango. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Alidhani umemwonea kinyaa," mama akasema. "Kwamba ananuka uzee. Kila aliposikia unakuja Chumbi alikuwa anachemsha maji ya mchaichai anaoga, anajifukiza udi. Na ile sahani yako, mimi nilimwambia aache, mle pamoja. Akasema hataki kukulazimisha mkono wake kwenye sahani yako."

Nilikuwa naukumbuka ule udi. Miaka yote ile nilidhani ndivyo nyumba za wazee zinavyonukia.

Mama akaanza tena kupepeta, polepole, makapi yanaruka upande wa ukuta. Kisha, bila kuinua macho, akauliza huyo bibi wa kwenye video aliishia wapi. Nikamweleza kwamba ni mjukuu mdogo aliyemwambia. Alipanda ngazi peke yake, akaketi karibu naye, akasema, Bibi, wewe umekufa. Bibi akaonja mchuzi wake kwa kijiko, akasema, kumbe ndiyo maana chumvi siisikii. Akaosha vyungu vyote, akavigeuza vikauke, akawaaga mmoja mmoja, akaenda zake katikati ya mpunga.

Mama alicheka. Alianza kwa kujizuia, halafu akaweka ungo chini na kucheka kwa mwili mzima, upindo wa khanga machoni, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho tangu msiba ule. Nilimtazama nikingoja kinifikie na kunichukua na mimi. Hakikunichukua.

"Ungemwambia, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Yule bibi yako alivyokuwa anapenda vichekesho. Angecheka mpaka aanguke chini."

Nyumba ya mama haikuwa na umeme, kwa hiyo sikuweza kumwonyesha. Akasema basi nimsimulie, lakini tangu mwanzo, nisiruke kitu. Nikaanza. Nilimweleza nyumba na nguzo zake, mazishi, wali ulioungua, mkwe ndani ya pipa, naye akawa anacheka kidogo kidogo na kuitikia. Nilipofika kwenye ile mikeka sita niliona siwezi kupita. Mama hakunihimiza. Alichota ufuta mwingine, akautia kwenye ungo, akaendelea kupepeta huku akinisubiri.