Ungo wa Shangazi Eufrasia

Kila ninapochemsha magome maabara na ule mvuke mchungu ukanipanda puani, nasikia maharage yakigonga ungo. Wenzangu hawasikii kitu. Wao hawakulelewa Maposeni na shangazi yangu Eufrasia.

Kazi yangu siku hizi ni kutafuta ndani ya mimea kile hasa kinachotibu, ili siku moja kiwe kidonge. Utotoni nilikijua kwa jina moja tu: uchungu. Tumbo likiniuma, shangazi alichemsha magome kwenye chungu cheusi, akachuja, akamimina kikombeni. Halafu akanywa yeye! Mimi ndiye niliyejikunja mkekani, yeye ndiye aliyekunywa dawa. Kisha alichukua ungo wa maharage akaketi kuchambua, taratibu, kama mtu asiye na mgonjwa ndani.

"Shangazi, dawa yangu."

"Subiri nimalize ungo huu."

Nilimwona mchoyo, tena mchoyo wa ajabu, maana nani humnyima mwenzake kitu kichungu vile? Watoto wake walimtania chinichini kwa jina la Mgonjwa Mzima.

Kiangazi kimoja tumbo lilinishika vibaya. Shangazi akachemsha, akanywa, akachukua ungo. Kabla hajafika nusu, mikono yake ikasimama. Akajigusa midomo, akatoka nje kutema mate, kisha akarudi, akabeba chungu na kumwaga dawa yote nyuma ya migomba. Nililia kwa maumivu na kwa hasira, nikiitazama tiba yangu ikinywewa na udongo.

"Lia tu, mwanangu," alisema, akinifunga mgongoni kwa kanga ingawa miguu yangu ilikaribia kuburuza chini. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Akanipeleka zahanati, akihema kila kilima.

Ilibidi nifike chuo kikuu ndipo nielewe. Gome la mti uleule linaweza kuwa kali zaidi kiangazi kuliko masika, na kilichokuwa dawa kikageuka sumu. Shangazi hakuwa na kipimo kingine ila mwili wake. Ungo ndio uliokuwa saa yake: ukiisha naye yuko salama, basi mtoto anywe. Nasi maabara kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba hakionjwi kitu. Siku hiyo darasani nilicheka peke yangu, kisha nikatamani sana kumwona.

Krismasi iliyopita nilikwenda Maposeni, tukaketi tukichambua maharage. Nikamuuliza, "Shangazi, na kama dawa ile uliyoimwaga ingekuwa ya kuua?"

Hakuinua macho. "Si ndiyo maana nilitangulia?"

Nikausogeza ungo karibu yangu, nikaendelea kuchambua. Nilipitisha mawe mengi siku ile, maana macho yangu yalikuwa yamejaa, na usiku tuliyatafuna bila mtu kulalamika.