Tuisheni ya Mlandege

Mwalimu wangu wa Kiingereza, bibi mmoja mkali, alitufundisha tuisheni nyumbani kwake Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Alitaka tuseme kama Waingereza wenyewe: baada ya "habari kwamba" au "fununu kwamba", ile "had" ya jambo lililokwisha tendeka imezwe, ibaki d tu, yaani "the news that he had gone" iwe "the news that he'd gone". Wenzangu walinung'unika. Mimi walinichosha. Sisi tunaosema nshakula, si nimekwisha kula, tangu utotoni, kumeza neno kunatushinda nini? Kila sentensi yangu nikaitia chakula: habari kwamba baba alikuwa keshakula, fununu kwamba paka alikuwa keshakula. Mwalimu alikuwa akicheka mpaka anavua miwani.

Mwezi uliopita nilipanda tena ngazi zile zile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu tule."

Mchuzi wa pweza ulinukia, mate yakanijaa. Tangu asubuhi nilikuwa na chai kavu tu tumboni, lakini mtu aliyelelewa hakubali mara ya kwanza.

"Ahsante, nshakula."

Alinitazama juu ya miwani, kama zamani akisahihisha.

"Habari kwamba ushakula," alisema, "siiamini. Nawa mikono."