Pua ya Kuazima

Mke wangu ni fundi cherehani, na ubishi wake haukatiki kwa mkasi. Homa iliyomlaza wiki mbili ilipomwachia, iliondoka na pua yake. Hasikii harufu ya chochote: si sabuni, si maziwa yaliyochacha, si mimi ninapotoka gereji.

Kilichomuuma ni pilipili. Pilipili yake ya kuchoma iligombaniwa na ukoo mzima. Baada ya homa akaitengeneza, ikaungua bila yeye kujua. Wageni wakaisifu kwa midomo na kuiacha kwenye sahani. Aliona.

"Mdogo wangu, si ununue tu ya chupa?" dada yake akamwambia.

"Siku nikifa, mtanunua."

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Huyu hawamjui.

Jumamosi asubuhi akanivuta jikoni. Akabandika kikaango kikavu, akapanga pilipili nyekundu, nyanya, na vitunguu saumu pamoja na maganda yake.

"Baba watoto, kaa hapo. Leo wewe ndiye pua yangu. Unasikia harufu gani?"

"Ya pilipili."

"Asante sana, daktari! Sema vizuri!"

Maneno ya jikoni sina, nikatumia ya gereji. Nikamwambia inanuka tairi iliyoachwa juani, akageuza. Kisha nikasema, "Sasa feni belti inaanza kuungua," akacheka mpaka akachelewa kuepua. Akamenya, akatwanga kwenye kinu, akatia chumvi na ndimu, akanilambisha kwa kijiko.

"Niambie ukweli. Ikoje?"

Ilikuwa chungu. Nikamtazama: jasho, macho mekundu kwa moshi, na jinsi alivyokishika kile kijiko. Nampenda, na uongo ulikuwa umeshanifika mdomoni.

"Chungu, mama watoto. Saumu imeungua."

Akamwaga yote, akaosha kinu, akapanga pilipili nyingine. Safari hii hakucheka. Nilipotaja tairi akageuza. Kabla sijamaliza kutamka belti, kikaango kilikuwa chini.

Nikalamba. Ulimi ukawaka, machozi yakanitoka, na ladha niliyoikosa tangu homa ile ikarudi yote.

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

Naye akalamba, asiambulie ila moto na chumvi. Lakini aliniamini, kwa sababu ile ya kwanza nilimwambia ni chungu.