Maharage Yasiyo na Chumvi

Msaliti wa kwanza alikuwa ini la mbwa wetu. Vidonge vya kifafa vilimtuliza vizuri, kisha ini likazoea kuvivunja haraka, dozi ileile ikawa haimtoshi. Daktari wa mifugo akaongeza dawa nyingine, ya maji, ambayo ini haliigusi. Inatolewa na figo tu. Ila akatuonya, mimi na mama yangu ninayeishi naye: figo zinaichukulia dawa hii kama chumvi. Mbwa akila chumvi nyingi, vyote vinatoka kwenye mkojo, na kifafa kinarudi. Mama akaahidi hatamwekea chumvi.

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Nsemulwa majirani wanasema nikifika sokoni nimesafiri. Kazi ya kulinda sufuria ilinifaa kabisa. Na kwa uvivu wa kupika mara mbili, nikawa nakula chakula cha mbwa: ugali na maharage yasiyo na ladha yoyote. Mama alijipikia chake. Nikajiona shujaa.

Mbwa akakaa muda mrefu bila kuanguka. Halafu akaanza tena, mlangoni pangu, miguu ikipiga hewa. Nikampigia daktari simu, nikalalamika kwamba dawa yake imechakachuliwa. Akaja, akasubiri mbwa atulie, akamnusa mdomo, akaniuliza kwa upole kama leo tumekula migebuka.

Migebuka wa chumvi, wale wakavu wa kutoka ziwani, huwa wanakaa jikoni kwa mama. Nikamgeukia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Alikuwa ananiangalia," akasema. "We hujawahi kuangaliwa na yule mbwa ukiwa unakula?"

Nikamkumbusha ahadi yake. Akasema hajamwekea chumvi hata punje. Samaki kaja na yake mwenyewe.

Daktari akasema haongezi dozi. Akiongeza leo, halafu samaki wakikoma kesho, dawa itajaa mwilini na mbwa atalewa. Dawa ni ileile, wa kukoma ni samaki.

Nikalalamika kwamba maharage yasiyo na chumvi nimeyala bure. Mama akanitazama, safari hii kwa mshangao wa kweli.

"Na wewe mwanangu, kumbe ulikuwa unakula hivyohivyo? Mi nilijua unaongeza chumvi nikitoka."

Kisha akawafunga migebuka wote kwenye gazeti, akampa daktari aende nao. Mbwa akasimama, akayumba kidogo. Nikamwita. Akanipita kama kiti, akamsindikiza daktari mpaka getini.